Mtindi wa Babu Asa

Mpendwa Shangazi Corliss,

Naomba unisaidie, na naomba jina langu usilichape, maana Bibi yangu analisoma gazeti hili kuanzia matangazo ya vifo mpaka bei ya mahindi, na ukurasa wako huusoma kwa sauti pale jikoni huku akiwacheka wanaokuandikia, anasema maskini hawa watu hawana bibi wa kuwauliza, na mimi Shangazi bibi ninaye, ila safari hii yeye ndiye tatizo lenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, wa hapa hapa Tarrow, na shule ikifunguliwa Agosti naingia darasa la Historia ya Marekani la Mwalimu Pruett, lile la juu, ambalo binamu yangu Dwight alilikimbia wiki ya kwanza akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Mwalimu Pruett ni mtu asiyetambua likizo, siku ya kufunga shule sisi tunawaza mto na aiskrimu yeye anatugawia kitabu kizito cha kuweza kuzuia mlango usifungwe na upepo, tukisome chote kiangazi hiki, tena tuwajue marais kwa mpangilio wao, tena, na hapa ndipo balaa langu lilipoanzia, kila mmoja achague kaburi moja la zamani, alisafishe jiwe lake kwa mikono yake mwenyewe, amchunguze mwenye jiwe, aandike habari zake, halafu siku ya kwanza ya masomo darasa zima litapita makaburini na kila mtu atasimama kando ya mtu wake aseme alichokigundua. Alitufundisha na namna ya kusafisha, maji matupu na brashi laini, hakuna sabuni, unaanzia chini ndiyo unapanda juu ili maji machafu yasiache michirizi, na akatuambia lile neno lake la kila mwaka, jiwe kwanza, hadithi baadaye.

Mimi sikujiuliza mara mbili, nikamchagua Asa Tidrick, babu wa mama yake Bibi. Najua unamjua, Tarrow nzima inamjua, lakini niache nikusimulie vile anavyosimulia Bibi, naye alipokea kwa mama yake aliyesimuliwa na Asa mwenyewe, maana Bibi habadilishi hata neno, na mtoto yeyote wa kwetu akichapia anarudishwa mwanzo.

Ilikuwa Julai 1863, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vimepamba moto, kikosi cha wapanda farasi wa Kusini kimevuka mto kuingia huku kwetu Ohio, kinapita mji kwa mji kinachukua farasi na nyama na chochote kisichopigiliwa misumari. Watu wa Tarrow wakawaficha farasi wao bondeni nyuma ya kanisa, wakajifungia majumbani. Asa peke yake akabaki pale njia panda, kwenye uzio, miguu mitupu, anakula mkate wa jamu ya tufaha. Ofisa akasimamisha kikosi, akainama juu ya farasi mpaka kofia ikamdondoka, akamuuliza kwa sauti ya upole, eti farasi wa hapa wako wapi. Asa hakusema neno. Alinyoosha tu mkono wenye mkate akaelekeza kwenye kinamasi. Yule ofisa akatoa leso yake akamfuta jamu mdomoni, akang'oa kifungo cha shaba kwenye koti lake akampa, kifungo hicho Bibi anacho mpaka leo, wakaenda zao kinamasini wakazama farasi kwa watu, wakapoteza siku nzima kujinasua na Tarrow hawakurudi tena. Watu walipotoka mafichoni wakamuuliza Asa ni nini kilichomfanya awapeleke kule, akajibu kwamba alitaka farasi wakawaone bata. Mama yake akambeba mpaka nyumbani huku akimbusu na kulia.

Sisi wa ukoo tuna maelezo ya kila kitu. Leso, ile ni adabu ya wanajeshi wa zamani. Bata, bila shaka ni lugha ya siri ya kivita. Na kubebwa na mama yake, Bibi akiulizwa hilo anasema wanawake wa vilima hivi walikuwa na mgongo, si kama ninyi mnaolalamika kubeba mkoba.

Na kila Nne ya Julai, Shangazi, kwenye gwaride la Sikukuu ya Uhuru, Bibi Orpha ndiye anakaa kiti cha mbele kabisa kwenye trela ya mashujaa, nguo ya buluu mwilini, kofia ya buluu kichwani, na nyuma yake anasimama Dwight amevaa koti la kijeshi na ndevu za pamba mpaka kifuani akijifanya Asa. Mwaka jana ndevu ziliingia kwenye juisi ya limau na akapita mtaa mzima anadondosha matone, lakini watu walipiga makofi vilevile, na Bibi alipunga mkono utadhani yeye ndiye aliyeokoa farasi wote. Tangu Babu, mume wake, afariki hatoki sana, hapiki kwa ajili ya wageni, bustani kaiacha, ila ikifika Juni anaamka, anapiga pasi nguo zake, anaimba. Kile kiti ndicho kinachomwamsha, naomba ulikumbuke hilo unaponijibu.

Sasa kuna desturi yetu moja. Kila mwisho wa Mei, Siku ya Kumbukumbu, familia nyingine zinapeleka maua na bendera ndogo makaburini, sisi pia tunapeleka, lakini pia tunampelekea Asa jagi la mtindi, kwa sababu alipenda mtindi, na Bibi mwenyewe anaumimina taratibu juu ya jiwe huku sisi tumevua kofia. Sikuwahi kuona ajabu. Nilidhani kila ukoo una mtu anayemiminiwa kitu. Jiwe lenyewe limefunikwa na kuvumwani, ule ukijani laini unaoota penye unyevu, kuanzia chini ya jina lake mpaka ardhini, ni kama amevaa sweta, na kila nilipowahi kuuliza kwa nini tusimsafishe, Bibi alinijibu, "Mtu ameishi kwenye vumbi, amekufa kwenye vumbi, leo kapata blanketi, wewe unataka kumvua?"

Basi juzi nimekwenda na ndoo yangu. Nikaanzia chini kama nilivyofundishwa. Kwanza yakatokea maneno, ALIWAONYESHA NJIA, nikatabasamu peke yangu. Kisha ukatokea mwaka aliofariki, 1931. Nikapanda, nikasugua, ukatokea mwaka aliozaliwa, na nikadhani nimesugua vibaya, nikamwaga maji tena, nikapitisha kidole kwenye kila tarakimu kama kipofu. 1860, Shangazi. Shujaa wetu mwenye ndevu alizaliwa mwaka mmoja kabla vita havijaanza.

Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Wakati huo Mwalimu Pruett alikuwa anapitapita kuwakagua wenzangu, akanikuta, lakini nilikuwa nimeegemea jiwe na mgongo wangu umeziba kila kitu, na ili nisionekane nina jambo nikamuuliza swali la haraka haraka, mbona jiwe hili lina kuvumwani kiasi hiki wakati limekaa juani na majirani zake wote ni wakavu. Akasema, "Hiyo ajabu. Wenye bustani wakitaka jiwe jipya lionekane la kale hulipaka mtindi, kuvumwani inaupenda mno. Lakini nani atakuja kupaka mtindi kaburi?" Nilikuwa nina mkate mdomoni na ukanipalia, akanipiga piga mgongoni akaniambia nitafune kwanza.

Kwa hiyo Bibi anajua. Sijui ameujua mwaka ule tangu lini, lakini miaka yote hii sisi tunavua kofia kwa heshima kumbe tunamwagilia bustani.

Na mimi Shangazi nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Nilinunua mtindi nikaurudishia kwenye jiwe kwa brashi ile ile ya shule, nikidhani ukijani utarudi kabla ya Jumapili, kumbe unachukua miezi, na kilichokuja ni paka wa pale makaburini, walimlamba Asa mpaka 1860 ikang'aa kuliko nilivyoiacha mimi. Ndipo nikachukua chungu cha maua cha kaburi la jirani nikakiweka mbele ya tarakimu, na kipo hapo mpaka sasa ninapokuandikia. Jioni Bibi akaniuliza, "Umeanza na jiwe la nani?" Nikasema la Mchungaji Bell. Akaniangalia kidogo, kisha akanikatia kipande cha pai kikubwa kuliko changu cha siku zote, na sisi wawili tukala bila kutazamana.

Na isingekuwa Bi Georgene Kester labda ningekaa kimya mpaka Agosti. Mwaka huu yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya gwaride, babu yake mkuu alikuwa sajenti kweli, na kiti cha mbele anakitamani tangu nilipokuwa sijazaliwa. Jumapili kwenye chakula cha kanisa akamwambia Bibi mbele za watu, "Orpha, mwaka huu kila ukoo ulete picha ya jiwe la shujaa wake, tuibandike kwenye trela, watoto wajifunze."

Bibi akasema, "Georgene, wako mbandike, maana hana la kusimuliwa. Wangu anatosha kwa mdomo."

"Picha tu, mpenzi. Au jiwe halipo?"

"Lipo. Lilikuwepo kabla mama yako hajajifunza kukaanga kuku, na mpaka leo hajajifunza."

Watu wakacheka, na Bibi naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na nikaona anaisukuma sahani yake bado imejaa. Alipofika nyumbani alipiga pasi ile nguo ya buluu kwa mara nyingine, na sasa hivi haimbi.

Sasa niambie nifanye nini. Nikisema ukweli, Bibi anashushwa kwenye kile kiti mbele ya Tarrow nzima na anayemshusha ni mjukuu wake mwenyewe, na mimi nampenda Bibi kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyenifanya niipende historia, kwa Asa huyo huyo. Nikificha, naingia darasa la historia siku ya kwanza nimesimama mbele ya chungu cha maua nikidanganya, na Mwalimu Pruett atakisogeza, namjua. Nimewaza hata kuacha hilo darasa niende kwa Dwight nikachomelee vyuma. Gwaride haliko mbali, naomba unijibu upesi.

Mwenye Brashi, Tarrow

*

Mwenye Brashi,

Kwanza kabisa, kirudishe chungu cha watu. Marehemu aliyewekewa maua yale hakukukosea kitu, na wenyewe watakuja Jumapili wakute kaburi lao tupu kwa sababu wewe ulikuwa unaficha hesabu ya kutoa. Na mtindi usirudie kuupaka. Paka wa pale makaburini sasa watakuwa wanamngoja kila mwenye brashi.

Nakuonea huruma, sikufichi. Kugundua kwamba shujaa wako alikuwa mtoto mdogo siku ya ushujaa wake si jambo jepesi, na kumpenda mtu huku unajua anakuficha kitu ni zito zaidi. Lakini nikishakuonea huruma nina ugomvi na wewe, mtoto. Unajiandaa kwa darasa la historia kiangazi kizima, umebeba kitabu cha kuzuia mlango, umesugua jiwe kwa utaratibu kuanzia chini kwenda juu, ukaona 1860, na ukaona kazi imekwisha. Mwalimu wako alikuambia jiwe kwanza, hadithi baadaye. Hiyo baadaye wewe umeiacha wapi?

Hebu chukua barua yako mwenyewe uisome tena, safari hii uniondolee ndevu.

Mtu amekaa njia panda miguu mitupu anakula mkate wa jamu wakati mji mzima umejificha. Mtu mzima wa vita, kijana wa kushika bunduki, angeachwa vile? Ofisa wa adui, mkorofi aliyekuja kuiba farasi, anainama mpaka kofia inadondoka. Unainama hivyo kuzungumza na nani, mwanangu? Na mtu wa makamo? Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuona mwanamume anamfuta mwenzake jamu mdomoni, awe rafiki, achilia mbali adui. Umenieleza kwamba ni adabu ya zamani, nikacheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa. Kisha anapewa kifungo king'aacho achezee. Kisha anasema alitaka farasi wakawaone bata. Mmekaa ukoo mzima, watu wazima na vyeti vyenu, mkasema bata ni lugha ya siri. Bata ni bata. Na mwisho mama yake anambeba mpaka nyumbani anambusu, nanyi mkamsifu mama kwa kuwa na mgongo.

Toa 1860 kwenye 1863. Inabaki mitatu, mwaka ukiongezeka au kupungua kidogo.

Jiwe lako halijaibomoa ile hadithi, limeieleza kwa mara ya kwanza. Hakuna kitu ndani yake kilichokuwa kinakaa sawa na mtu mwenye ndevu, na kila kitu kinakaa sawa na mtoto wa miaka mitatu. Wanaume wazima waliobeba panga walimwamini mtoto kwa sababu watoto hawadanganyi, na kweli hakudanganya, aliwapeleka kwa bata.

Usinielewe vibaya. Sisemi nimethibitisha. Mimi sikuwepo na kinamasi hakiongei. Mwalimu Pruett akikuuliza umejuaje, sema ulichokiona kwenye jiwe, sema ulichosikia nyumbani, sema vinavyokubaliana, na pale usipojua sema hujui. Ukianza kuongeza chako utakuwa umefanya walichofanya waliotangulia, yaani kumvisha ndevu.

Sasa Bibi yako, na hapa nyoosha mgongo unisikilize vizuri.

Umeniandikia kwamba anajua. Kweli, anajua. Naamini kuna siku, huenda alikuwa hajafika hata umri wa mama yako, alisoma mwaka ule akashtuka kama wewe ulivyoshtuka, akadhani babu yake alikuwa mwongo, au mama yake, au wote. Hakuwa na Mwalimu Pruett, hakuwa na mtu wa kumwandikia. Alikuwa na mtindi. Amebeba aibu hiyo peke yake miaka yote, anatabasamu kwenye trela huku anaogopa mvua isije ikasafisha jiwe. Hebu fikiri kupunga mkono kila mwaka ukiwa na hofu hiyo moyoni.

Lakini tazama asichofanya. Aliyetaka kudanganya kwa dhati angeanza na hadithi. Angeitoa ile leso, angewatoa bata, mama angemwacha jikoni, na Asa angebaki na bunduki begani na maneno makali mdomoni. Nani angemjua? Ninyi mlikuwa mnasikiliza tu. Bibi Orpha hakugusa neno. Hata neno lililomtia wasiwasi alilisema vilevile, na ninyi mkichapia akawarudisha mwanzo. Jiwe alilifunika, hadithi aliilinda, na bila ukaidi wake wewe leo ungekuwa na tarakimu tu na usingejua ni ya nini. Huyo si mwongo. Huyo ndiye shahidi wako, na mpaka sasa unamkwepa kwa pai.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii, maana ulisema mwenyewe gwaride haliko mbali.

Chukua brashi mbili, siyo moja. Mwambie Bibi twende makaburini, na mkiwa ndani ya gari, kabla hamjafika, mwambie, "Bibi, lile jiwe nimeshaliosha." Kisha nyamaza. Usiongeze maelezo. Akilia, acha alie. Akikugombeza kwa kumvua mtu blanketi, pokea, umestahili kidogo. Mkishafika mkae pale kwenye majani umwombe akusimulie upya kuanzia mwanzo, na akifika kwenye ile leso mshike mkono umuulize, "Bibi, mtu anayefutwa mdomo ana miaka mingapi?" Usimjibie. Muache apige hesabu mwenyewe, ana haki ya kulifikia jibu mwenyewe baada ya kungoja muda wote huo.

Kisha mmalizie kuosha pamoja, mpige picha yenu, na picha hiyo Bibi aipeleke kwa Bi Georgene kwa mkono wake, akiwa amevaa nguo ya buluu iliyopigwa pasi mara mbili. Kuhusu Bi Georgene sitasema mengi, maana naye ni msomaji wangu na hulipia usajili mapema. Nitasema tu kwamba masajenti walikuwa wengi sana vita vile, kaunti hii pekee ina wa kujaza trela na wengine wakabaki wanatembea kwa miguu. Mji uliookolewa na mtu mwenye jamu mdomoni naufahamu mmoja tu.

Dwight ashuke. Mwambie kwa upole, mshukuru kwa utumishi wake, na zile ndevu azitumie kujazia mto. Ukoo wenu unaonekana mkubwa, hamwezi kukosa mtoto wa miaka mitatu, na wa kike au wa kiume si hoja, mtoto yeyote atakayekataa kuvaa viatu atafaa. Mpeni mkate wa jamu, mkalisheni kwenye mapaja ya Bibi Orpha, kiti kile kile cha mbele. Msimfundishe cha kufanya. Akinyoosha mkono kuonyesha mahali popote, gwaride lina dereva, asimfuate tu.

Kuhusu darasa, unakwenda. Sitaki kusikia tena habari za kuchomelea vyuma, kazi hiyo ina heshima zake na haihitaji mtu anayeikimbilia kwa uoga. Siku ya kwanza simama kando ya jiwe safi, na Bibi awe pembeni yako kama mwalimu ataruhusu, na ataruhusu. Wenzako watakuwa na majaji na wachungaji na labda huyo Mchungaji Bell uliyemsingizia. Wewe utakuwa na mtu aliyezaliwa 1860.

Mtindi mwakani mnunue kama kawaida, ila safari hii mmegee mkate wa mahindi ndani yake mle wenyewe pale pale, na Bibi apewe bakuli kubwa. Na akikwambia ana aibu kwamba miaka yote amewadanganya watu wa Tarrow, mwambie hakuna aliyedanganywa na babu yake. Mzee alisimulia kila kitu kama kilivyokuwa, mpaka bata. Hakusema hata siku moja kwamba alikuwa na ndevu.

Shangazi Corliss